Sanduku la Kinanda kwenye Njia ya Walikale

Ninyi vijana mliorithi usukani wangu mmenitania miaka mingi juu ya jambo moja. Pale juu, baada ya Kalembe, kabla njia haijaanza kushuka msituni, mimi huzima mashine. Wengine walisema mzee anapumzisha gari. Wengine walisema anasali, na mmoja, sitamtaja, alisema nimesahau njia. Sasa nimekabidhi funguo na mikono yangu haina kazi, basi nitawaeleza. Lakini nitaanzia mwanzo, maana shofere anayeanza safari katikati ya njia mara nyingi ni mwizi wa gari. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika, kwa kuwa vyeo vilikuwa vichache na mshahara ulikuwa mfupi.

Nilizaliwa Masisi, juu kwenye malisho, katika nyumba ya ng'ombe na maziwa. Miaka ya vita vile vya wazungu, makamio, malori yale ya mizigo, yalianza kushuka Walikale kwa wingi, kwa sababu chini kulikuwa na madini na mawese, na huku juu kulikuwa na watu waliovitaka. Baba alitaka nichunge. Mimi nilikuwa nimeona kamio ikipanda kilima bila kuchapwa fimbo, na tangu hapo ng'ombe walinichosha.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Yuliusi, shofere wa zamani aliyekuwa mchoyo wa maneno kama wengine walivyo wachoyo wa chumvi. Siku ya kwanza alinipa manivela, kile chuma cha kuzungushia mashine mpaka iwake, akaniambia: "Kidole ya gumba usiizungushe mu chuma. Iweke pamoja na bingine. Mashine ikirudisha, itakuvunja mukono." Hayo yalikuwa masomo ya asubuhi. Masomo ya mchana yalikuwa msitu.

Jamani, sikujua. Mimi niliyezoea kuona mbuzi wa jirani akiwa kilima cha tatu, niliingia mahali ambapo sikuona hata jua. Miti ilisimama pande zote mbili, mirefu mpaka shingo ikauma, na chini yake kulikuwa na kiza cha kijani saa sita ya mchana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu siku ile ilikuwa hofu.

Katikati ya kiza kile mzee Yuliusi akasimamisha kamio na kuzima mashine. Nilidhani imeharibika. Kumbe alitaka nisikie. Kwa mbali, ng'ambo ya bonde, kulikuwa na mlio wa gogo linalopigwa, sauti mbili, ya juu na ya chini, kwa haraka.

"Unasikia?"

"Ngoma, Papa. Kuko ndoa?"

"Hapana. Ni sisi. Banasema kamio iko nashuka, iko na bantu babili, na moja ni mupya, anaogopa."

Nywele zilinisimama. Hadi leo nikikumbuka, zinasimama, zile zilizobaki.

Yuliusi akanieleza kwa ufupi wake. Njia ilikuwa nyembamba, kamio mbili haziwezi kupishana, kwa hiyo juu kulikuwa na bariere, mti wa kufungia njia, na chini bariere nyingine, na mlinzi wa kila bariere alikuwa na lokole, lile gogo lililochimbwa tumbo. Kamio ikianza kushuka, wa juu anapiga, wa chini anafunga. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya serikali. Lakini watu wa msitu hawakuishia kwenye kazi ya serikali. Vijiji vyote vya kando vilikuwa na ngoma zao, na kila kijiji kilichosikia neno kililipeleka mbele. Mwanaume mwenye heshima alikuwa na jina lake la ngoma, refu kuliko lile la ubatizo, na likipigwa popote watu wanajua ni nani. Wanawake katika vijiji vile nilivyovijua hawakuwa nalo. Ngoma iliwataja kama mke wa fulani au mtoto wa fulani.

Kwa hiyo kwenye njia ile shofere ndiye alikuwa mtu wa mwisho kusikia habari zake mwenyewe. Mashine inamngurumia masikioni, na mbele yake nchi nzima inajua amebeba nini.

Yuliusi alipoacha kazi nilishika usukani peke yangu. Nitawapa fundisho moja la miaka ile, kwa kuwa linahusika na habari yenyewe. Matope ya njia ile hayakujua kiangazi. Ukizama, unakata matawi na makuti ya michikichi, unayalaza chini ya magurudumu, unatoka. Ukishatoka usiyaache, maana shimo moja lina ndugu zake mbele. Unayakusanya na kuyafunga kwenye gari. Sisi tuliyafunga mbele, juu ya taa, ili yasisumbue mzigo nyuma. Kila shofere wa Masisi alifanya hivyo na hakuna aliyeuliza.

Sasa nimlete Papa Musombwa. Alikuwa mwindaji, na ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kijiji cha mwisho kabla ya kufika Walikale. Mke wake alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja, Kresensia. Ni yeye mwenyewe aliyempandisha mtoto yule kwenye kamio yangu nimpeleke kwa Masera, watawa wa shule ya wasichana kule Masisi. Mtoto alikaa kati yangu na gunia la chumvi, akilia bila sauti. Baba alisimama njiani mpaka tukapotea.

Miaka ikaenda. Papa Musombwa akapata watu wa kumwoa binti yake, mbuzi wakapokelewa, na akatuma neno ashuke. Kresensia hakushuka. Alituma jibu kwamba anataka kumaliza masomo kwanza. Baba akarudisha mbuzi mbele ya kijiji kizima, na mwanaume anayerudisha mbuzi mbele ya watu anarudisha na uso wake pamoja nao. Tangu hapo nikisimama kwake kumuuzia chumvi, nikitaja shule, ananikata.

"Mimi siko na mutoto ku masomo. Ule nilishamuzika."

Hata hivyo mtoto aliendelea. Alishona shati jeupe, zuri, lenye vifungo vya mfupa, akanipa nimpelekee. Papa Musombwa hakulishika hata kwa kidole. Nikalirudisha chini ya kiti changu, ndani ya karatasi, kando ya kriki ya kuinulia gari. Likakaa pale. Kila nilipotoa kriki nililiona, na kila nilipoliona nilijisikia vibaya, mimi ambaye sikuwa na kosa.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, Masera Imakulata, mkubwa wa shule ile, akaja kwa tajiri wangu kukodi kamio. Wasichana wake wa kwanza walikuwa wanamaliza. Na kule Walikale kulikuwa na vijana wanaume waliokuwa wanamaliza shule ya ualimu. Masera na mapadri walikubaliana kufanya sikukuu moja ya wote, yenye misa, chakula, nyimbo na gramafoni, kule chini, kwa sababu wazazi wengi wa wasichana walikuwa watu wa chini. Jambo kama hilo halikuwa limewahi kuonekana kwetu. Masera alitaka watoto wake wafike kwa heshima, si kwa miguu na sanduku kichwani.

Tajiri alisema kamio yake ni ya kahawa na wasichana si kahawa. Masera hakubishana. Alikaa barazani na rozari yake, akasali taratibu, tajiri akitazama chakula chake kinapoa mezani. Alipoanza rozari ya pili, tajiri alikubali.

Nilisugua kamio mpaka mikono ikachubuka, maana ilinuka ngozi na mawese. Tulifunga ndani mabenchi ya kanisa. Katikati tuliweka kinanda cha shule, kile cha kukanyaga kwa miguu, kilichokuwa ndani ya sanduku refu la mbao alilotengeneza seremala wa misioni. Masera aliogopa vumbi, akalifunika sanduku kwa kitambaa cheupe cha altare. Mnaona ninakoelekea. Mimi sikuona.

Nilipokuwa nasugua, Kresensia alikuja akasimama kando ya gurudumu. Alikuwa amekuwa mtu mzima, mrefu, mwenye macho ya baba yake.

"Papa Shofere, atakuya?"

"Sijui, mutoto wangu."

"Shimizi, aliikamata?"

Nikaangalia chini ya kiti, lile shati lilipokuwa. Kumwambia uongo sikuweza, na kumwambia ukweli sikuweza pia.

"Iko mu njia," nikasema.

Aliitika kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyeelewa yote. Halafu akasema, "Wenzangu bote bako na bazazi. Kama Papa hakuye, nitarudi na Masera na sitashuka tena. Sitaweza kupita ku mulango yake mara mbili."

Nilisugua mlango uleule mara nyingi bila kujua ninachofanya. Nilijua nikimshusha na kumpandisha tena pasipo baba yake kumwona, ile itakuwa safari ya mwisho ya mtoto yule kwenye njia ya kwao.

Asubuhi tuliondoka. Wasichana wamevaa nguo nyeupe, wamekaa kuzunguka sanduku, kila mmoja akilishika kwa mikono miwili lisigonge. Masera alikaa mbele na mimi. Aliwakataza kuimba nyimbo za kuchangamka, kwa kuwa wakichangamka wanaruka, na wakiruka kinanda kinavunjika. Wakabaki na wimbo mmoja wa misa, wa Kilatini, wa polepole. Na mimi naendesha polepole. Bariere ya juu tulipita vizuri, mlinzi akapiga ngoma yake ya kawaida, tukashuka.

Chini kidogo tukazama. Nilikata makuti, nikalaza, tukatoka, nikayafunga mbele juu ya taa, mengi, mabichi, yananing'inia mpaka kwenye bampa. Wimbo ukaanza tena.

Baada ya hapo njia ikabadilika. Nilipita pale kila juma, nikajua kila mahali watoto wanapokimbilia gari na kila mama anayenitukana kwa sababu ya kuku wake. Siku ile hakuna aliyekimbia wala aliyetukana. Watu walikuwa wamesimama kando ya njia, kimya. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Wanawake walikuwa wameweka mikono kichwani. Wazee ambao sikuwahi kuwaona wakisimama walikuwa wamesimama. Kijiji baada ya kijiji, vilevile, chini ya miti ile mikubwa, na sisi tunapita katikati na wimbo wetu.

"Unaona, shofere?" Masera aliniambia, na macho yake yalikuwa na machozi. "Wanaheshimu masomo."

Nami nikaamini. Nawaambia ukweli, kifua kilinijaa. Nilidhani nchi nzima imesimama kwa ajili ya watoto wetu.

Kwenye bariere ya chini mlinzi alikuwa Tomasi, rafiki yangu, mtu ambaye angemfanya hata gavana asubiri kidogo. Siku ile mti wa bariere ulikuwa umeshainuliwa kabla sijapiga honi. Tomasi alisimama wima, kofia kifuani. Nilimpungia mkono. Aliinamisha kichwa. Kupitia kioo nilimwona akichukua baiskeli yake na kutufuata, na hapo ndipo nilianza kujiuliza maswali.

Tulipofika kijijini kwa Papa Musombwa, njia ilikuwa imejaa watu na mioto yote ilikuwa imezimwa. Mbele yao alisimama mtu mmoja katikati ya njia. Kifua wazi, majivu usoni na mabegani. Ilinichukua muda kumtambua. Nikakanyaga breki.

Hakunitazama. Alipita kando ya mlango wangu, akakanyaga gurudumu la nyuma, akapanda ndani ya kamio. Wasichana wakanyamaza. Alienda moja kwa moja kwenye sanduku, akaweka mkono wake juu ya kile kitambaa cheupe, akauacha pale. Nami nilikuwa nimeshuka, nimeshika ubao wa kamio, na nilipoona vile nikaelewa vyote kwa mara moja: makuti mbele, mwendo wa pole, wimbo, nguo nyeupe, sanduku. Kule chini gari lililofungwa makuti mbele linarudisha maiti nyumbani; siku nyingine walituona na magunia, siku ile waliona sanduku. Ngoma ya ng'ambo ya bonde ilikuwa imetuona tunatoka kwenye matope, ikasema kamio inaleta mtoto wa shule aliyelala. Haikusema nani. Kila mzazi wa njia ile alikuwa ameshinda na neno hilo. Na huyu, aliyesema ameshamzika, alikuwa amejipaka majivu bila kusubiri kuambiwa ni wa nani.

Kresensia alikuwa upande wa pili wa sanduku, bado amelishika.

"Papa," akasema.

Baba aliinua macho. Sijaona uso kama ule tena, na nimeona watu wengi kwenye njia zetu. Alimtazama, akatazama sanduku, akamtazama tena.

"Iko nani humu?"

"Hakuna muntu, Papa. Ni kinanda."

Kresensia aliona haamini. Akavuta kitambaa, akafungua kifuniko, akakanyaga mara chache, akabonyeza kwa kidole kimoja. Kinanda kikatoa sauti moja ndefu. Watu njiani walirudi nyuma, halafu mama mmoja akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na wote wakamfuata, na akina mama wakapanda magurudumu kushika watoto wao, kuwashika mikono, masikio, pua, kuhakikisha. Papa Musombwa alikaa chini kwenye sakafu ya kamio, akaegemea sanduku. Kresensia akapiga magoti mbele yake na nguo yake nyeupe, kwenye majivu.

"Nilisema nilishakuzika," baba akamwambia. "Leo njo nilikuzika. Ile ingine ilikuwa kinywa tu."

Masera, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alisema sikukuu inasubiri na Papa huyu hawezi kwenda kifua wazi. Sikungoja kuambiwa. Niliingia kwenye kabini, nikasogeza kriki, nikatoa karatasi. Papa Musombwa alinawa, akavaa shati. Lilimpwaya mabegani, mikono ikamfunika vidole. Kresensia alikuwa amelishona kwa kukumbuka, na mtoto humkumbuka baba yake mkubwa kuliko alivyo. Mzee alikunja mikono ya shati yeye mwenyewe, taratibu, na hakuna aliyecheka.

Lakini baba hakupanda kamio mara moja. Alisema juu kule vijiji bado vinalia, hawezi kwenda kula akiwa amewaacha watu kwenye msiba. Alienda kwenye lokole yake, akachukua vijiti. Alianza kupiga, halafu akasimama, vijiti hewani. Tomasi alikuwa amefika na baiskeli, jasho linamtiririka, akanieleza kwa sauti ndogo. Ilibidi aseme nani yuko hai, na mwanamke hana jina la ngoma. Angeweza kusema tu, mtoto wangu. Wangeelewa.

Kisha akapiga, neno refu ambalo Tomasi hakuwahi kulisikia, akalirudia, akalirudia tena ili lishikwe.

"Anasema nini?" nikauliza.

Tomasi alifuta macho kwa kofia. "Anamupatia jina. Anasema: *Ule nilizika, akanifungulia sanduku.*"

Ng'ambo, ngoma nyingine ikalichukua jina lile. Halafu nyingine nyuma yake, ndogo zaidi, na nyingine ambayo niliisikia kwa kubahatisha tu, likipanda bonde kuelekea Kalembe, kijiji kwa kijiji, na nyuma yake mioto ikiwashwa tena. Mimi mtoto wa ng'ombe nilisimama kando ya kamio yangu, na sikuwa na la kufanya ila kufungua yale makuti kwenye taa, moja moja.

Sikukuu yenyewe nilipewa kiti dirishani. Vijana wa ualimu walikuwa wamevaa makoti ya kuazima na walisimama ukutani kwa hofu, mpaka wasichana walipowaonea huruma. Taa ya presha iliwaka, gramafoni ikalia, na Papa Musombwa alikaa mstari wa mbele na shati lake kubwa, hakula, hakucheza, alitazama tu.

Kresensia alirudi kwao kama mwalimu. Shule yake haikuwa na kengele, kwa hiyo asubuhi baba yake alipiga lokole kuita watoto, na alichopiga ni jina la mwalimu. Ngoma za juu ziliipenda desturi ile, zikawa zinalipokea na kulipandisha. Ukiwa pale baada ya Kalembe, asubuhi, mashine imezimwa, upepo ukiwa upande wako, ulilisikia. Mzee Musombwa alipofariki, wengine walishika vijiti.

Safari zangu za mwisho masikio yalikuwa yamechoka na mashine, na sijui kama nililisikia au nililikumbuka. Basi matawi yenu yafungeni nyuma. Na mkifika pale juu asubuhi, zimeni mashine kidogo. Halafu mkipanda, piteni kwangu mniambie kama bado wanalipiga.